Kanga Hazihesabiwi

Kabati letu lilitengenezwa Keko, na fundi wake alituapia kwamba mlango wa katikati utadumu kuliko ndoa yetu. Mlango ulitangulia. Tangu hapo kabati likawa linafungwa kwa mkanda wangu wa zamani wa suruali, na aliyetaka shati aliweka kwanza goti, akafungua mkanda, kisha akapokea kwa mikono miwili chochote kitakachoporomoka. Nyumba nzima tulishazoea. Watoto walijua kwamba ukisikia kishindo chumbani asubuhi, baba anavaa.

Mke wangu ndiye aliyeamua kwamba hatuwezi kuendelea hivyo. Ofisini kwao kulikuwa na mazungumzo ya mama mmoja wa Kimarekani, Courtney Carver, ambaye mwaka 2010 alianzisha utaratibu wa kuishi na nguo 33 kwa miezi mitatu. Katika hizo 33 unahesabu viatu, unahesabu hereni na mikufu, unahesabu hata mtandio. Zilizobaki unazifungia mbali. Kisichohesabiwa ni pete ya ndoa, nguo za ndani, za kulalia, za mazoezi, na zile za kushindia nyumbani.

Nikauliza kwa nini miezi mitatu. Akaniambia kwa sababu ya majira: kwao baridi ikiingia makoti yanatoka, joto likija yanarudi. Sisi tunakaa Temeke. Tofauti ya joto la Februari na joto la Machi ni mbu tu. Majira yetu ya nguo ni mengine kabisa: Shaabani, watu wanapooana mbiombio kabla ya mfungo, mfungo mosi, wanapooana waliochelewa Shaabani, na Desemba, ndugu wa bara wanapopata likizo. Niliyasema hayo kwa sauti ya chini, nikijua kwamba mtu aliyekwisha kukunja mikono ya blauzi hasikilizi hoja.

Jumamosi kila kitu kilimwagwa kitandani. Kitanda kikatoweka. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kutoka Tanga kwa ajili ya kliniki ya macho na anasubiri miwani yake, aliketi kwenye stuli karibu na dirisha, ushungi begani, kama hakimu asiyejua bado ni kesi gani.

Zilizotoka kwanza ni sare. Anayeishi Dar es Salaam haelezwi sare ni nini, lakini inafaa aone zikiwa zimerundikwa pamoja. Kulikuwa na kitenge cha kamati, cha shangazi wa bibi harusi, cha majirani, cha wafanyakazi wenzake. Kulikuwa na magauni ya kicheni pati yenye rangi ambazo Mungu hakuziumba, na la sendofu lililoshonwa bega moja kwa sababu mwenyekiti wa kamati alikuwa na bega zuri. Kila moja lilivaliwa mara moja, likapigwa picha, likaingia kabatini. Huwezi kulivaa tena, maana litaanza kuulizwa habari za harusi yake. Na mbili kati ya ndoa hizo zilikwisha kuvunjika, kwa hiyo kwenda na sare zake kwenye shughuli ya ukoo uleule ungekuwa uchokozi.

“Hizi zote zinaondoka,” mke wangu akasema.

“Mwanangu, hiyo ya kijani ni ya harusi ya mdogo wako.”

“Mama, wameachana.”

“Watarudiana,” akasema mama mkwe, akaivuta ile ya kijani akaiweka mapajani.

Upande wangu haukuwa na mambo mengi. Nilikuwa na suti mbili za Kaunda ambazo tumbo langu lilizihama, fulana za Mei Mosi, fulana ya sensa ya mwaka 2012, na fulana za kampeni. Nilimpigia nani kura ni siri yangu, ila nina fulana za pande zote, na hakuna kitambaa kinachofaa kufanyia usafi kama ahadi iliyofuliwa mara nyingi. Kisha mashati. Mashati yangu yote, isipokuwa la harusi, yametoka Karume. Nilikuwa mteja pale kabla soko halijaungua Januari 2022, na bado ni mteja: unafika mapema robota linapokatwa kamba, unasimama na watu ambao hamjuani, na mkono wako unajifunza kutambua pamba kabla jicho halijaona rangi.

Hapo nikataka kutoa hoja, na nadhani ilikuwa nzuri. Nilichukua shati moja la bluu, nikaonyesha lebo ya duka la Ulaya. Nikasema: huyu bwana wa huko naye siku moja alimwaga nguo zake kitandani, akahesabu, akajisikia mwepesi. Wepesi wake ukapangwa madaraja, ukabanwa kwa mashine, ukafungwa robota, ukapanda meli hadi hapa. Kabati letu limejaa kwa sababu la mwenzetu limekuwa tupu. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuyamaliza mambo hayo ndani ya miaka mitatu. Marekani ikakumbusha habari ya soko la AGOA, wengine wakalegeza, Rwanda ikashikilia msimamo na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu ya kuuza nguo huko bila ushuru. Sasa sisi tukiamua nasi kuwa na 33, nikauliza, hizi za ziada zinapelekwa wapi? Nani yuko chini yetu?

“Zinapelekwa kwa jirani,” mke wangu akajibu, akaninyang’anya shati.

Zilipofikiwa kanga, kazi ilisimama.

Zilikuwa zimejaza begi zima la shangazi kaja na bado nyingine zilikuwa chini ya godoro. Swali la kwanza lilikuwa la hesabu: doti ni moja au mbili? Mke wangu alitaka ihesabiwe moja, kwa kuwa dukani inauzwa moja. Mama mkwe akasema dukani inauzwa ikiwa haijakatwa. Ukishaikata na kupinda ni mbili, na moja ikichanika nyingine haifi. Swali la pili lilikuwa gumu zaidi, na aliliuliza kwa upole: tangu lini kanga ikawa nguo? Akaanza kuzitaja kwa vidole. Ya kubebea mtoto. Ya kujifunika usiku joto likikataza blanketi. Ya kuswalia. Ya kupikia, ambayo ndiyo pia ya kushikia sufuria. Ya kutandika mgeni akifika ghafla. Ya kwendea msibani, na ya kusitiri maiti anapooshwa. “Utasema hivi vyote ni nguo? Basi hesabu na ndoo.”

Akafungua sanduku lake mwenyewe, akatoa kisutu chake cha harusi, nyekundu, nyeusi na nyeupe, kilichonunuliwa Mombasa, bado na maandishi ya “Mali ya Abdulla” ambayo duka la Kaderdina Hajee Essak limekuwa likiyaweka kwenye kanga zake kwa miaka mingi. Duka lenyewe ni la tangu mwaka 1887. Kilikuwa kimelainika hadi ukikishika huhisi kitambaa, unahisi joto la mkono wako mwenyewe. Mke wangu alikishika, akakirudisha bila neno. Lakini za kwake mwenyewe hakuzihurumia. Alizikunja robo, akatenga za kugawa.

“Umezisoma?” mama mkwe akauliza.

“Mama, hizi ni kanga, si barua.”

Mama mkwe akanyamaza. Kilikuwa kimya cha mwanamke aliyewahi kuishi na mke mwenza.

Ugawaji ulifanyika Jumapili. Dada wa kazi alipata mbili, mama muuza vitumbua mbili, na doti nzuri kuliko zote, ya zambarau yenye korosho kubwa pembeni, ilikwenda kwa jirani yetu wa ukuta mmoja. Inabidi niseme kwamba na jirani huyo tunachangia mita ya maji, na kwamba wiki iliyokuwa imepita bili ilikuja kubwa, na kwamba kila upande ulikuwa umeutajia upande wa pili idadi ya watoto wake. Yalikuwa yamekwisha. Doti ilikuwa ya kutilia muhuri. Jirani aliipokea kwa mikono yote miwili, akashukuru sana, akaingia ndani, akaikunjua.

Jina la kanga hukaa chini ya mji, juu kidogo ya pindo, ndani ya kisanduku chake chembamba. Ukiikunja robo hulioni. Jina la ile doti lilikuwa HASIDI HANA SABABU.

Hatukujua kitu mpaka Jumatatu asubuhi. Mke wangu alifungua dirisha la jikoni akakuta kamba ya jirani, ambayo siku zote hufungwa upande wa pili wa ua, imehamishiwa upande wetu. Kwenye kamba kulikuwa na kanga moja tu. Ilikuwa imevutwa pembe zote kwa vibanio, jina likiwa limenyooka usawa wa macho yetu: KIKULACHO KI NGUONI MWAKO. Dada wa kazi ndiye aliyegundua jambo lililofanya mke wangu akae chini. Ile kanga haikuwa imefuliwa. Ilikuwa imeanikwa kavu.

Nilishauri aende akaeleze tu kwamba hakusoma. Wote wawili, mama na binti, wakanitazama kwa huruma. Mwanamke wa pwani atoe kanga bila kusoma? Udhuru huo ni mbaya kuliko kosa, maana unamwambia mwenzako kwamba hata matusi yake hukuyachagua.

Miwani ya mama mkwe ilikuwa tayari Jumatano, na alipotoka kliniki hakurudi nyumbani. Alinitaka nimpeleke Mtaa wa Uhuru. Nimemsindikiza mwanasheria kusoma hati ya kiwanja, na sikuona umakini kama ule. Muuzaji alishusha doti moja baada ya nyingine, na kila moja ikakataliwa. Hii ina shukrani lakini shukrani yenyewe ina kona. Hii inasema upendo, ataona tunamwomba. Hii inazungumzia subira, ataona ni yeye anayesubiriwa abadilike. Hii haina neno baya, ila rangi yake ni ya mtu aliyefiwa. Zile zenye rangi za kuvutia zote zilikuwa na mdomo mchafu. Sijui wenye viwanda huwa wamelipwa na nani. Nilikaa juu ya kigoda nikanywa soda mbili. Hatimaye akapata moja ya manjano na bluu, jina lake likimsifu Mungu bila kumgusa binadamu yeyote, hata kwa fumbo.

Hakumpelekea jirani doti nzima. Alimwita fundi cherehani wa barazani, akaikata katikati mbele ya mashahidi, akapinda, kisha akavuka ua na kipande kimoja na kumwachia binti yake cha pili. Watu wanaogawana doti hawawezi kuwa maadui, angalau siku wanapozivaa. Yaliyosemwa huko ndani sikuyasikia. Nilisikia kicheko cha mama mkwe, kisha cha jirani, kisha kimya kirefu cha watu wanaokula. Jioni kamba ilihamishwa. Kesho yake jirani akaleta sahani ya maandazi iliyofunikwa kwa kanga, na alipoondoka alichukua sahani tu. Shemeji yangu wa Mbagala, aliyepata habari, alileta doti ya pole. Mama muuza vitumbua akarudisha zake mbili, akisema kwa heshima zote kwamba amezisoma.

Kwa hiyo baada ya kupunguza tulikuwa na kanga nyingi kuliko kabla, pamoja na nusu doti ambayo hakuna aliyejua inahesabiwaje.

Ni mama mkwe aliyeutafutia mradi njia. Alimwomba mke wangu amsomee tena masharti ya yule mama wa Kimarekani, polepole. Walipofika kwenye nguo za kushindia akamwambia asimame hapo. Kwani hizi si za kushindia? Fulana ya sensa, madera yote, suti ya Kaunda ambayo baba anaweza kumwagilia maua nayo, zote za kushindia. Yale magauni mepesi ni ya kulalia. Kanga ni vyombo. Ikabaki rundo dogo la nguo za kutokea, na mke wangu alipolihesabu, pamoja na viatu na mikufu, alipata 31. Alifurahi kweli. Aliandika orodha kwa kalamu nyekundu, akaibandika ndani ya mlango uliobaki, na zilizosalia tukazisukuma chini ya kitanda ndani ya mabegi. Kabati likafunga. Nikarudishiwa mkanda wangu.

Orodha ilikuwa bado na nafasi mbili tulipopigiwa simu na mwenyekiti wa kamati. Mdogo wake mke wangu, yule aliyeachwa, amerudiana na mumewe. Watafanya shughuli upya, na safari hii sare ni ya rangi ya samli. Mama mkwe hakusema kitu. Alipapasa tu ile ya kijani, ambayo hakuwahi kuirudisha rundoni.

“Basi nitaiandika ya 32,” mke wangu akasema, akitafuta kalamu.

“Uiandike ya nini?” mama yake akamuuliza. “Sare si nguo. Sare ni mchango.”

Mke wangu akatuma pesa kwa simu, pamoja na ya kutolea, na fundi akaja jioni kupima.