Gari Lililopiga Mwano

Kisesa haigombi na kelele. Tunakaa karibu na barabara ya Mwanza kwenda Musoma, mabasi na malori ya Bunda na Sirari yanapita usiku kucha, na mwezi wa Juni, msimu wa sherehe za Bulabo ukifika, ngoma za vikundi vya Bagika na Bagalu huko Bujora zinapigwa mpaka vumbi linasimama hewani. Hutasikia mtu analalamika. Kelele isiyosameheka huku ni yowe la uongo. Usukumani mwano, yowe la kuita msaada, ukipigwa usiku unatoka, uwe umevaa vizuri au hukuvaa, uwe na homa au mzima. Mifugo ya watu imeokolewa hivyo tangu enzi za babu zetu. Hata Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, walipoibuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 upande wa Kahama na Shinyanga, hawakutegemea upinde na mishale tu. Walitegemea uhakika kwamba mmoja akilia, wote wanatoka.

Kwa hiyo usiku ambao king'ora cha gari letu kililia mara ya kwanza, uwanja wetu ulijaa watu kabla mume wangu, Baba Kulwa, hajapata rimoti chini ya mto. Jirani wa nyuma alikuja na panga, vijana wa ng'ambo ya njia na marungu, na mzee mwenye zizi, anayetembea kwa shida mchana, alikuwa ameshafika getini na tochi yake ya kichwani. Tukazunguka gari. Milango imefungwa, vioo vizima, hakuna alama ya mguu. Tukasema wabeja, yaani asante, watu wakarudi kulala, nasi tukaamini ni paka.

Usiku uliofuata kikalia tena, na uliofuata huo. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Magu kwa ajili ya kliniki yake ya presha Bugando, na chumba chake ndicho kilichopakana na maegesho. Kila asubuhi nilimkuta amekaa kitandani na leso mabegani, macho mekundu, akiniambia amelala vizuri. Nilijua hajalala, naye alijua kwamba najua.

Kilichotuvunja moyo ni msiba. Nyumba ya tatu kutoka kwetu walifiwa, na wanaume walikuwa wamelala nje kwenye moto wa matanga. Usiku wa manane gari likalia. Wale watu waliokaa na wafiwa waliinuka, wakaacha moto, wakakimbilia kwetu. Nilisimama mlangoni na kanga yangu nikakosa cha kusema.

Kesho yake mwenyekiti wa kitongoji alikuja pamoja na yule mzee. Nikawapa viti chini ya mwembe, wakanywa uji kwanza.

"Mama Kulwa, hatujaja kugombana," mwenyekiti alianza.

Mzee ndiye aliyesema lenyewe. "Binti yangu, jana vijana wawili hawakutoka. Nimewauliza, wakanijibu ni lile gari tu. Sasa mwizi akiingia kwenye zizi langu nikapiga mwano, nani atatoka?"

Sikuwa na jibu. Baba Kulwa naye akainamisha kichwa. Kila aliyepita siku hiyo alitupa dawa ileile: kateni waya. Shemeji alikwisha shika koleo. Nikamzuia. Gari lile tulilinunua kwa mkopo ambao bado tunaulipa, na kukata waya wa kitu usichojua kinalilia nini ni kununua ugonjwa mwingine. Nilitaka kujua kwanza.

Tukalipeleka gereji Nyakato. Fundi, kijana mchangamfu, akafanya wafanyavyo wengi: akafungua boneti akatoa tamino ya betri ili gari life kabisa. Halikufa. King'ora kilianza kulia, gari likiwa halina umeme hata chembe, na gereji nzima ikaacha kazi kutazama. Fundi akarudi nyuma hatua mbili. Alipoirudisha tamino, ndipo kikanyamaza.

Mdogo wangu aliyesomea umeme wa magari VETA ndiye aliyenifungulia jambo hilo kwa simu. Magari mengi ya Kisesa ni Toyota zilizotoka Japani, na nyingi kati yake zikigutuka hupiga honi ileile ya kawaida. Letu la mwaka 2008 lilitoka Uingereza. Kule mwanzoni mwa miaka ya 1990 wizi wa magari ulikuwa umevuka mpaka, na Thatcham, kituo cha utafiti cha makampuni ya bima, kikaanza kuzipanga alamu kwa madaraja. Daraja la juu lilidai king'ora chenye betri yake chenyewe, tena kilichofichwa, ili mwizi akikata betri kubwa kiendelee kulia. Kuanzia Oktoba 1998 kila gari jipya kule likatakiwa pia kuwa na kizuizi cha injini kinachotambua ufunguo wake. Kwa hiyo kilichofanyika Nyakato ndicho hasa anachofanya mwizi, na king'ora kikajibu kama kilivyofundishwa.

"Ukitaka kutoa tamino," mdogo wangu akasema, "washa swichi, zima, halafu toa hapohapo. Kitaelewa ni mwenyewe."

Nikachukua daftari la hesabu la Kulwa lililobaki kurasa. Sheria yangu ilikuwa kubadilisha kitu kimoja kwa usiku mmoja, kwa sababu ukibadilisha vitatu pamoja na gari likanyamaza, hujui ni kipi kilichokuwa kibovu. Tulianza na betri ndogo ya rimoti. Kikalia. Tukapima betri kubwa kwa mita: jioni volti 12.6, asubuhi 12.5, betri nzima kabisa. Kikalia. Chini ya boneti kuna swichi ndogo inayoliambia gari kwamba boneti imefunguliwa, na kwenye magari ya umri huu hiyo ndiyo mshukiwa wa kwanza. Yetu ilikuwa na kutu. Baba Kulwa akaisugua kwa msasa laini mpaka ikang'aa. Kikalia.

Kisha tukamkuta buibui. Alikuwa ametanda utando kati ya kioo cha ndani na dari, na pale darini ndipo vilipo vihisi vinavyotuma mawimbi ya sauti tusiyoyasikia na kusikiliza yanavyorudi, kiasi kwamba kitu kikitikisika ndani ya gari vinajua. Nyumba nzima ilifurahi. Mama mkwe akasema alijua tangu mwanzo ni mdudu. Tukamtoa, tukafuta dari, tukafunga vioo vyote hadi juu, na kwa usalama zaidi tukafuata kitabu cha gari kinavyoelekeza kufunga milango huku vihisi vya ndani vimezimwa. Saa nane za usiku kikalia. Buibui wa watu hakuwa na hatia.

Jibu lilitoka kwa Doto, pacha wa Kulwa, ambaye alikwisha acha kuogopa na sasa akiamka anakwenda dirishani kutazama. Usiku mmoja akasema, bila hata kugeuka, "Mama, mbona leo nalo halikonyezi?"

Nikatoka na tochi. Ni kweli. King'ora kinapasua masikio, lakini indiketa zote nne zimelala giza. Gari lenyewe likiona hatari, liwe limeambiwa na mlango au boneti au vihisi, linatoa amri mbili pamoja: king'ora kilie, na taa ziwake na kuzimika. Hapa taa hazikupata amri yoyote. Maana yake gari halikuwa limeona kitu. Swichi tuliyoisugua ilikuwa inasema kweli, na king'ora kilikuwa kinapayuka chenyewe, huko kilikofichwa.

Niliandika hilo daftarini kwa herufi kubwa nikampigia mdogo wangu alfajiri. "Hiyo ni betri ya ndani," akasema. "Imezeeka."

Kukifikia king'ora ilibidi kupiga jeki, kutoa tairi la mbele la kushoto na plastiki inayofunika upande wa ndani wa tairi. Kilikuwa juu kabisa, kitu cheusi kinachoenea kwenye kiganja, kimeshikwa na bolti mbili, nyaya tatu zikiingia. Kipya hakikupatikana Mwanza, na bei ya kuagiza nje ilikuwa karibu ada ya muhula. Nikakifunga kwenye kitambaa nikakipeleka kwa fundi redio wa sokoni, anayetengeneza redio, simu na taa za sola kwenye kibanda ambacho watu wawili hawaenei.

Kilikuwa kimegundishwa, hakina skrubu. Alikipasua kwenye mshono kwa msumeno mwembamba wa chuma, taratibu, akipuliza vumbi kila mara. Ndani zilikuwamo betri tatu ndogo za kuchajiwa, zimevuja. Unga wa kijani na mweupe ulikuwa umetambaa juu ya bodi, na njia moja ya shaba ilikuwa imelika kama jani la mhindi lililopitiwa na viwavijeshi. Akaigusa kwa ncha ya mita. "Volti zimeshuka mno," akasema. "Kikikosa umeme wake hapa, kinadhani mtu amekata waya huko."

Alikwangua, akasafisha kwa spiriti na mswaki wa zamani, akaziba pengo la shaba kwa uzi mmoja wa waya, akachomelea betri mpya kwa risasi. Alinionyesha volti zilizoandikwa kwenye za zamani na kwenye mpya ili nione zinalingana, kwa sababu ukizidisha unaunguza bodi na ukipunguza unarudi ulikotoka. Akakifunga kwa silikoni na kuniambia nisikiguse mpaka kesho. Usiku huo gari halikuwa na king'ora kabisa. Mama mkwe aliamka saa nane vilevile, kwa mazoea.

Kabla ya kujaribu, mimi na Baba Kulwa tulipita nyumba kwa nyumba, kwa mwenyekiti na kwa wafiwa pia, tukasema: leo saa kumi jioni gari litalia, ni sisi. Saa ilipofika Baba Kulwa alikaa ndani akiwa amefungua kioo, akafunga milango kwa rimoti, akangoja taa nyekundu ya dashibodi ianze kupepesa, kisha akavuta wenzo wa kufungulia boneti. Kikalia, na taa zote zikawaka na kuzimika.

"Linakonyeza!" Doto akapiga makofi.

Tukalifunga upya tukatoa tamino huku alamu imewashwa. Kikalia kwa betri yake, kama inavyotakiwa. Tangu hapo usiku ni wa mbwa na malori tu, na mama mkwe alirudi Magu akiwa amelala kweli.

Mzee mwenye zizi alikuwa amekuja kushuhudia, ingawa tulimwambia asisumbuke. Alikichungulia kile king'ora tulipokuwa tunarudisha tairi, akauliza kama kingeweza kufungwa kwenye lango la ng'ombe. Fundi redio, aliyekuwa amekuja pia, akamjibu hapana, hiki kinasubiri amri ya gari, lakini honi ya kawaida, betri ya volti 12 na swichi ya mlango kama ile ya boneti vinatosha. Wakaenda zizini wawili hao kupima urefu wa waya. Mzee anataka swichi mbili, moja kwa kila upande wa lango, na fundi anasema moja inatosha.