Mjomba, Punguza Vitu

Mpwa wangu ameingia dini mpya, ile ya kuishi na vitu vichache. Anafanya kazi Dar es Salaam, ofisi yenye kiyoyozi, na Jumapili alikuja kutuhubiria. "Mjomba," akasema, amejinyoosha kwenye kochi letu pekee, "mwanamume anahitaji mashati matano tu." Nina manne. Nikabaki kujiuliza kama kanishauri nipunguze au niongeze.

Mwalimu wa shule ya msingi unamfundisha nini kuhusu kubana matumizi? Deni la mkopo wa chuo huondoka na asilimia 15 ya mshahara wa msingi kabla sijauona. Kinachobaki wanagawana mwenye duka, umeme na kamati za harusi, maana huku mtu hawezi kuoa bila kunitumia kadi ya mchango. Mwaka 1966 Mwalimu Nyerere alijipunguzia mshahara kwa asilimia 20, na mpaka leo tunamsifu. Mimi nakatwa kila mwezi, na sijasikia aliyenipigia hata kofi moja.

Heshima nayo imepungua bila mpwa kunishauri. Darasani nikikohoa tu, watoto kimya. Nyumbani nilikohoa wiki nzima, nikaambiwa ninywe tangawizi. Juzi nikamwelekeza Neema, yuko darasa la tano, namna ya kutafuta kigawe kidogo cha shirika. Akanisikiliza kwa huruma, kisha akasema, "Baba, madamu hafanyi hivyo." Madamu mwenyewe meza yake iko ubavuni kwa yangu, na hicho kigawe nilimwelekeza mimi, tena kwa chaki yangu.

Basi, mpwa akaendelea: kitu ambacho hujakigusa mwaka mzima, kitoe nyumbani. Mama Neema alikuwa anachambua mchele. Akainua kichwa, akanitazama mimi kwanza, halafu akatazama kabati langu la makaratasi. Nikajua hapo pana jambo.

Jioni mpwa akaaga. Mtu wa vitu vichache alipanda bodaboda na kiroba cha mahindi, mihogo, ndizi mkungu mzima na jogoo aliyefungwa miguu. Nilipomuuliza vyote hivyo vya nini, akasema chakula hakihesabiwi.

Kurudi ndani, kabati jeupe. Mitihani ya miaka yote, maandalio ya somo, vyote vimekwenda kwa mama wa vitumbua. "Kwani ulikuwa unayasoma, Baba Neema?" Nikakosa jibu, maana kweli sikuwa nayasoma.

Jumatatu wakati wa mapumziko nikanunua vitumbua viwili. Vikaja vimefungwa kwenye azimio langu la kazi, la mwaka huu huu, muhuri wa mwalimu mkuu umelowa mafuta. Nikamsihi mama yule anirudishie kurasa zilizobaki. Akasema hana shida, ila kila ukurasa ninunue na kitumbua chake. Wathibiti ubora wanakuja Alhamisi, na azimio lina kurasa nyingi.