Kwa Waheshimiwa Wagawa Fadhila za Elimu

Lushoto, Milima ya Usambara

Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati ya Ufadhili wa Masomo na Utafiti wa Ng'ambo,

Baada ya salamu nyingi na taadhima inayowastahiki watu wenye mamlaka ya kumpandisha mtu ndege au kumwacha stendi ya Mombo, napenda kuwaarifu kuwa tangazo lenu limefika huku mlimani, limesomwa na walimu, na mabwana shamba, na vijana wengi waliohitimu wakakosa kazi, na kwamba mimi, mwalimu wa bayolojia katika sekondari moja ya wilaya hii, nimeazimia kuomba. Amma baad, fomu yenu ni finyu mno kwa mambo niliyo nayo: kila swali limewekewa kijisanduku chenye kikomo cha maneno, na usemi wangu, kama mtakavyoona, haukuzoea kukaa sandukuni, kwa hiyo nimeona heri niwajibu hadharani, ili na wale ambao maombi yao yalikwisha kukataliwa wapate kusikiliza.

Mwaniuliza kwanza kama mimi, au taasisi yangu, au eneo nitokalo, tuna uhusiano wowote wa awali na vyuo na wataalamu wa kwenu. Uhusiano upo, tena wa siku nyingi, ila umekuwa wa upande mmoja kusafiri na upande wa pili kupokea wageni. Mwaka 1848 mmisionari Johann Ludwig Krapf alipanda milima hii mpaka Vugha kwa Kimweri ye Nyumbai, akarudi tena mwaka 1852, na katika yote niliyoyasoma juu ya safari hizo sijaona popote kwamba mfalme yule, ambaye himaya yake ilishuka hadi pwani, alimdai mgeni hati ya benki ya kuonyesha kuwa atajimudu muda wote wa ukaaji wake, wala barua za wadhamini, wala cheti cha kuthibitisha kuwa Kishambaa chake kimefikia daraja la kufuata mazungumzo ya baraza. Alipokewa, akasikilizwa, akaenda zake salama na daftari zake zimejaa.

Kisha mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Tanga katika zama za Wajerumani, alivutiwa na ua dogo la rangi ya urujuani, akampelekea baba yake Ujerumani, na baba akalifikisha kwa Hermann Wendland katika bustani za Herrenhausen, Hannover, naye mwaka uliofuata akalitangaza kwa walimwengu kwa jina la Saintpaulia ionantha. Tazameni, waheshimiwa, jinsi ombi lile lilivyokuwa jepesi! Ua halikujaza fomu, halikufanya mtihani wa Kijerumani, halikutia sahihi ya kuahidi kurudi. Na bado likapewa ufadhili kamili wa chungu, udongo, maji na dirisha lenye mwanga wa kadiri, na hadi leo vizazi vyake vimestarehe madirishani mwa Ulaya na Marekani, ilhali jamaa zake waliobaki katika majabali yetu wanahesabiwa miongoni mwa mimea iliyo hatarini kutoweka. Mwaka 2015 wataalamu wakalihamisha, wakaliingiza katika jenasi ya Streptocarpus, na kwa hivyo hata jina la baron wamelipunguzia daraja. Lakini katika kuhamishwa huko kote hakuna aliyelitaka cheti cha kuzaliwa kilichogongwa muhuri wa wakili. (Muhuri huo mimi ninao. Mji wetu una Chuo cha Uongozi wa Mahakama, na katika mambo ya sheria hatulali njaa.)

Mwaka 1902 ndio ilipoanzishwa taasisi ya Kijerumani ya utafiti wa viumbe na kilimo kule Amani, ng'ambo ya bonde la Lwengera, katika Usambara ya Mashariki. Na mwaka huohuo, kwa sadfa ambayo huniburudisha kila niikumbukapo, Cecil Rhodes alifariki dunia akaacha wasia wa kuwasomesha vijana Oxford kwa mali aliyoichuma kusini mwa Afrika. Basi katika mwaka mmoja Waafrika tulifadhili elimu ya juu mara mbili, mara moja kwa almasi na mara moja kwa msitu, na hatukuomba hata jina letu liwekwe mlangoni. Amani ilipandwa miti ya kila bara, ilitoa kwinini wakati wa vita vya 1914, ikapita mikononi mwa Waingereza. Na yale majani makavu yaliyochumwa, yakabanwa, yakaandikwa majina na kupangwa kabatini huko ndiyo yaliyokuwa mwanzo wa hazina ya mimea ya Afrika Mashariki ambayo mwaka 1950 ilihamishiwa Nairobi. Mengine yalikwisha kwenda Berlin mapema, na mengi ya hayo yakateketea mwezi Machi 1943, mabomu yalipoiangukia nyumba ya mimea mikavu ya Dahlem, mjini humo.

Hapo ndipo ulipo muradi wa utafiti wangu, ambao mmetaka niueleze kwa maneno 300 na kwa lugha anayoifahamu mtu asiye mtaalamu. Nataka kwenda kuyaona majani yaliyosalia, popote yalipo, nisome vibandiko vyake: nani alichuma, kijiji gani, na nani alimwonyesha. Ningependa kujua kama mkulo, ambao nyinyi mwauita Ocotea usambarensis, ulikuwa ukiota mahali ambapo leo pana viazi na kabichi. Swali hilo, nakiri, ni dogo. Halitatibu saratani wala halitazuia bahari isipande. Lakini naona kuwa ni swali la haki, mtu kusafiri kilometa elfu kadhaa kwenda kutazama jani lililochumwa mahali anapofika kwa miguu kabla ya adhuhuri, na ajabu yake si mimi niliyeitunga.

Sasa nije kwenye lugha. Sekondari yote na chuo kikuu nimesomeshwa kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza hichohicho nawafundisha watoto wa wakulima wa hapa muundo wa figo, tukisaidiana kwa Kiswahili mkaguzi anapokuwa mbali na kwa Kishambaa anapokuwa mbali zaidi. Hata hivyo mwataka nifanye mtihani wa kuthibitisha kuwa nakijua, ambao ada yake humlia mwalimu sehemu kubwa ya mshahara wa mwezi, na ambao cheti chake hufa baada ya miaka 2, kana kwamba Kiingereza ni maziwa na huku kwetu hakuna barafu. Nimetii. Nauliza tu, kwa ajili ya kujielimisha, kama wataalamu wenu wanaokuja huku nao vyeti vyao vya Kishambaa hufa kwa muda huohuo, au kama, kwa kuwa havikupata kuzaliwa, havina haja ya kufa.

Naam, wapo waliojifunza, na insafu yataka wasemwe. Mmarekani Steven Feierman aliijia milima hii akakaa na wazee, akawasikiliza kwa lugha yao, na kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya ufalme wa Washambaa bado ndicho tunachoazimana. Lakini hata yeye alimkuta mtu aliyemtangulia: Abdallah bin Hemedi, aliyewatumikia wakuu wa ukoo wa Kilindi uliotawala ufalme huo, aliyeyaona kwa macho yake mambo mengi aliyoyasimulia, akaandika Habari za Wakilindi kwa Kiswahili bila ya ratiba ya kazi, bila ya mchanganuo wa bajeti, na bila ya kuripoti kwa kamati yoyote kila baada ya miezi mitatu. Nyinyi mngemnyima: hakuonyesha kwamba matokeo yake yangechapishwa katika jarida lenye hadhi.

Nimefika kwenye wadhamini, na hapa naomba mnivumilie. Mwataka barua za maprofesa wawili wanaonijua kwa undani. Maprofesa ninao, ila chuoni tulijaa ukumbini hata tukakaa madirishani, na profesa aliyenifundisha alinijua kwa namba ya mtihani, ambayo nina hakika ataitaja kwa mapenzi makubwa. Anayenijua kwa undani ni mzee mmoja wa kijiji cha kando ya msitu wa Magamba, ambaye hukwangua gome la mti kwa ukucha, akalinusa, akakwambia jina lake, kazi yake, ndege wanaokula matunda yake na mwaka ule ambao kaka yake alianguka kutoka juu ya mti wa aina hiyo. Mtu ambaye tangu ujana wake amebeba mashinikizo ya majani ya wageni wa mataifa mbalimbali, akawaelekeza wasikokujua, akawazuia wasile wasichokijua, na ambaye ametajwa katika shukrani za tasnifu nyingi kuliko mkurugenzi wenu yeyote, aghalabu kwa jina moja tu, kati ya dereva na mpishi. Huyo ndiye aliyenifunza nusu ya bayolojia ninayoifundisha. Nilipojaribu kumwandika katika fomu, mashine yenu ilimkataa, kwa kuwa mdhamini sharti awe na anwani ya barua pepe ya taasisi. Mzee hana anwani ya namna hiyo. Taasisi yeye ndiye. Nilimweleza shida hiyo, akafikiri, akaniuliza kama wale watu aliowaongoza, ambao leo ni maprofesa kwelikweli, hawawezi kuniandikia mimi barua. Nami nikashindwa kumjibu, kwa kuwa hakuna kati yao aliyemwachia anwani.

Kuhusu manufaa ya utafiti kwa jamii, kijisanduku kinachopendwa sana na wafadhili wote, natoa mfano wa hapahapa. Tangu mwaka 1946 serikali ya Kiingereza, kwa ushauri wa wataalamu wake wa udongo, iliendesha mradi wa kuliokoa bonde la Mlalo na mmomonyoko, na watu wakaamriwa kulima kwa matuta katika miteremko yao, wapende wasipende. Utafiti ule kwa hakika uliinua jamii: iliinuka, wanawake kwa wanaume, ikaenda kulalamika, ikakataa, na mradi ukaachwa kabla ya uhuru, huku TANU ikiwa imepata wanachama ambao isingewapata kwa hotuba peke yake. Mimi siahidi manufaa makubwa kiasi hicho.

Wala msidhani huku hatuheshimu watafiti. Tauni ilipoingia wilaya hii mwaka 1980, ikarudi na kurudi hata miaka ya mwanzo ya karne hii, na waliougua wakapindukia 7,000, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Ubelgiji walikuja wakatega panya, wakawachana viroboto, wakapima kila jambo linalopimika. Hilo si la mzaha, na waliozika wanalijua. Nasema tu kuwa matokeo yake ya pembeni ni haya, kwamba panya wa Lushoto amejadiliwa katika majarida ya kimataifa mara nyingi kuliko mwalimu yeyote wa Lushoto, na laiti angeweza kushika kalamu, wasifu wake ungeupita wangu katika hatua ya kwanza ya mchujo.

Limebaki sharti la kurudi nyumbani, ambalo mmeliandika kwa herufi nzito. Hofu yenu naifahamu. Hata hivyo baadhi ya watu wetu wa mwanzo kukaa Berlin kwa ajili ya elimu walikwenda kufundisha: Amur bin Nasur wa Zanzibar mwaka 1891, kisha Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo mwaka 1900, wote wakiwasomesha Wajerumani Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki. Mtoro alitaka kurudi. Alisafiri mwaka 1905 na mkewe Mjerumani, na walipofika pwani ya nyumbani ni serikali ya Kijerumani iliyokataa mke yule ashuke kuishi naye. Akarejea Ujerumani, akafia huko mwaka 1927. Kwa upande wa pili kuna Maesopsis eminii, mti wa kanda za Ziwa na Uganda, ulioletwa Usambara ya Mashariki kwa kupandwa na kutazamwa: hondohondo walikula matunda yake, wakaipeleka mbegu kila pembe ya msitu, na sasa hautaki kusikia habari za kwao. Kwa hiyo natia sahihi sharti lenu kwa moyo mweupe, nikitumaini kuwa nanyi mtalisoma kwa sauti kwa wote mnaowaleta, wa miguu miwili na wa mizizi.

Barua ya kukubaliwa na chuo sijaipata, kwa kuwa chuo kinataka kwanza kuona barua yenu ya ufadhili, na nyinyi mwataka kwanza kuona barua ya chuo. Nawaachia mzungumze wenyewe. Mko saa zilezile.

Jibu lenu nitalipokea lolote litakalokuwa, ila kama ni la kunikatalia, naomba msiniandikie kwamba mwaka huu waombaji wenye sifa walikuwa wengi kupita kawaida, kwa maana kila mwaka wamekuwa wengi kupita kawaida. Nami kwa sasa nina shughuli ya kutosha, kwa kuwa mmoja wa mliowapa ufadhili, kijana wa adabu sana, ameniandikia kuwa atafika mwezi Julai kuchunguza mimea ya Magamba, na anahitaji chumba, mwongoza njia na mkalimani. Mzee nimekwisha kumpasha habari, naye ameanza kunoa panga. Limebaki jambo moja tu la kukamilisha makaratasi yake. Kamati imemtaka athibitishe kuwa mkalimani wake anajua Kiingereza, na ameniuliza kama cheti changu bado kina uhai.

Wenu mtiifu,

Mwombaji