Kitabu cha Lama: Mwongozo kwa Watafutaji wa Kitengela na Kajiado

Sharti la kwanza la kukitafuta kile kitabu cha watawa wa Tibet ni kutokumbuka jina lake. Ukilikumbuka, mwongozo huu haukuhusu; nenda ukakinunue, utuachie wengine raha yetu. Mtafutaji wa kweli ana mambo matatu tu: jaladani palikuwa na mtu mwenye kipara, ndani mlikuwa na theluji nyingi, na aliyemwazima ni mwalimu fulani wa jiografia aliyependa suti za Kaunda. Mwandishi hamjui. Mwaka hana hakika nao, ila anaapa kwamba ilikuwa kabla ya uchaguzi wa mlolongo wa 1988.

Hayo yanatosha. Sasa keti uihoji kumbukumbu yako jinsi afisa wa uhamiaji wa Namanga anavyomhoji msafiri asiye na pasi. Unamkumbuka mtoto wa miaka minane aliyetobolewa paji la uso ili aone rangi za nafsi za watu? Huyo ni wa The Third Eye, kitabu cha Lobsang Rampa kilichotoka London mwaka 1956. Watawa waliokaa uchi kwenye theluji wakikausha kwa joto la miili yao shuka zilizoloweshwa, na yule aliyekimbia nyikani kutwa kucha bila kuchoka? Hao ni wa Alexandra David-Néel, mama wa Kifaransa aliyeingia Lhasa mwaka 1924 akijifanya hujaji fukara. Kitabu chake kilitoka Kifaransa mwaka 1929, kisha Waingereza wakakiita jina moja na Wamarekani jingine, kwa hiyo ukiwa mzembe utakinunua mara mbili. Maiti anayesomewa maelekezo ya safari kwa siku 49? Hicho ni kile Kitabu cha Wafu cha Kitibeti kilichotafsiriwa na Kazi Dawa Samdup na kuhaririwa na Evans-Wentz, Oxford, 1927. Na kama unakumbuka ndege iliyoanguka milimani karibu na bonde ambalo watu hawazeeki, pole sana: hiyo ni riwaya, Lost Horizon ya James Hilton, 1933. Shangri-La ni jina alilobuni yeye.

Kumbe miaka yote hii umekuwa ukitafuta kitabu kimoja ambacho ni vinne. Usimwambie mtu. Endelea kutafuta.

Wengi wenu mnamtaka Rampa, kwa hiyo tukae naye kidogo. Kitabu kilijitambulisha kama maisha halisi ya lama wa Kitibeti. Wataalamu wakakisoma wakaguna. Mmoja wa walioguna, Heinrich Harrer, Mwaustria aliyekuwa ameishi Lhasa mwenyewe, akamkodi mpelelezi. Mwaka 1958 jibu likaja: lama alikuwa Cyril Hoskin, mtoto wa fundi bomba wa Plympton, Devon, na Tibet hakuwahi kuikanyaga. Hata pasi ya kusafiria hakuwa nayo. Mtu mwingine angehama mtaa. Hoskin alieleza kwamba alipanda mti ili ampige bundi picha, akaanguka, na katika mambo yaliyofuata roho ya lama ikauchukua mwili wake. Wasomaji wakasema haya, endelea. Akaendelea: karibu vitabu 20, kimojawapo cha mwaka 1964 akidai kwamba kimetungwa na paka wake, yeye ametafsiri tu. Alifia Calgary, Kanada, mwaka 1981. Mimi namheshimu. Hapa Kitengela tuna watu wanaouza ploti hewa ambao wakikamatwa hawana hata bundi wa kusingizia.

Tuje kwenye msako wenyewe. Simu yako itakupatia Rampa kabla chai haijapoa, na ndiyo sababu simu hairuhusiwi. Unataka kile kile, chenye doa la chai ukurasa wa kwanza. Anzia kwa wauza vitabu vya inama, Tom Mboya au popote palipotandazwa gunia na vitabu juu yake, na ujue kwamba muuzaji wa inama hajawahi kukosa kitabu.

"Karibu mzee. Unatafuta gani?"

"Kitabu cha watawa wa Tibet."

"Kipo. Cha fomu ngapi?"

Ukimweleza kwamba si cha shule atakwambia ungoje hapo hapo, atavuka barabara akikimbia, na baada ya muda atarudi na Rich Dad Poor Dad. Atakuapia kwamba huyu naye anafundisha siri. Mia tatu, kwa sababu ni wewe. Nunua. Usiponunua hatakutafutia tena.

Hazina kubwa zaidi haiko Nairobi lakini. Iko kwenye stoo za Kitengela. Fikiria ni watu wangapi waliotoka Buruburu, Umoja na Donholm wakaja kujenga kwenye ploti zao huku, na kila mmoja alihama na katoni moja ambayo hajaifungua mpaka leo. Utaitambua. Ni katoni ya Kimbo, imefungwa kwa kamba ya nailoni, imeandikwa VYOMBO kwa kalamu ya wino mzito, na ndani hamna kijiko hata kimoja. Juu kabisa kuna kamusi na ripoti za shule za mtoto ambaye sasa ana watoto. Chini yake kuna Pacesetters zisizo na majalada, kisha My Life in Crime ya Kiriamiti, ambayo imesomwa mpaka imekuwa laini. Kitabu cha lama, kwa kuwa kilikuwa cha kufichwa, kiliwekwa chini kabisa. Sasa mchwa wa udongo huu mweusi hupandia chini. Ndiyo maana Kitengela nzima ina kamusi za kutosha na haina lama.

Ukiomba kupekua stoo ya watu, chunga ulimi. Mama mwenye nyumba akikuuliza, "Kitabu gani hicho, baba?" usitaje jicho la tatu. Wakenya wa umri wake hawajasahau kwamba mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na ripoti yake ikafikishwa Bungeni mwaka 1999. Katika miaka hiyo, kitabu chenye mtu wa kipara na jicho la ziada hukukifungua kwenye matatu, ulikivalisha gazeti. Sema unatafuta kitabu cha jiografia. Si uongo sana, Tibet ina milima.

Stoo zikikushinda, panda matatu ya Kajiado ukawatafute walimu wastaafu. Hapa haraka haina faida. Salimia, uliza habari za watoto, za ng'ombe, za mvua iliyokataa, na kitabu ukitaje kikombe cha pili kikiwa nusu. Mzee atanyamaza kidogo, kisha atatabasamu. "Kile cha yule mtu wa kutobolewa paji? Nilikuwa nacho. Nilimwazima bwana kilimo." Bwana kilimo alihamishwa Loitokitok. Ukimpata Loitokitok atakuambia alimwazima daktari wa mifugo, aliyekwenda Bissil, na wa Bissil atakutajia kwa uhakika mkubwa mwalimu mmoja wa jiografia mwenye suti za Kaunda. Kila mmoja atakusimulia kitabu chote, na kila mmoja atasimulia tofauti. Yupo atakayeingiza ndege. Andika yote.

Mchwa wamelaumiwa vya kutosha. Waliomaliza vitabu nchi hii ni wenye kuazima, na wewe unayesoma hapa unajijua. Kile kilicho kwenye rafu yako, chenye jina la mtu mwingine ukurasa wa ndani na tarehe ya enzi za Nyayo, si chako. Mpigie mwenyewe simu leo. Kama ameshafariki, wapelekee watoto wake. Kitie kwenye mfuko wa karatasi, maana ile ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2017, na usikate ule ukurasa wenye jina.