Fanya Mazoezi na Dumu la Maji

Umejiandikisha Twende Butiama, ule msafara wa baiskeli ulioanza mwaka 2019 kumuenzi Mwalimu Nyerere, na makazi yako ni Dodoma? Basi ratiba ya mazoezi uliyotumiwa kwenye simu iweke kando. Aliyeiandika haijui mbigili.

Kocha wako yupo mtaani. Ni yule kijana anayepakia madumu manne ya lita 20 kwenye baiskeli moja isiyo na gia. Piga hesabu mwenyewe: kilo 80, na bado anapandisha kilima huku akikusalimu. Nenda kwake kwa adabu, mwombe akufundishe kufunga mzigo. Atachukua mpira uliokatwa kwenye tyubu chakavu, ataunasa chini ya karieri, atauvuta mpaka ulie, ataupitisha kwenye mshikio wa dumu na kuurudisha chini. Mwisho hapigi fundo. Ncha anaichomeka chini ya mpira wenyewe, ili akifika aichomoe kwa mkono mmoja. Mzoefu wa namna hii hapatikani kwenye duka la vifaa vya michezo.

Anza na dumu moja. Toka saa 12 asubuhi, ushike njia ya Chamwino. Sababu ni upepo. Kiangazi Dodoma hupigwa na upepo wa mashariki na kusini mashariki, nao huongezeka kadiri jua linavyopanda. Msafara ukishatoka hapa kuelekea Singida utakuwa nao mgongoni, na ndipo wengi hudhani nguvu zile ni za miguu yao. Ya kwako ipime ukiwa umeuelekea.

Pancha za mbigili utazipata, zipokee. Sugua tyubu kwa msasa, paka gundi, kisha tulia. Subiri gundi ikauke mpaka isinate kidoleni, ndipo ubandike kiraka. Ukiharakisha kitabanduka Kintinku, jua la Oktoba likiwa utosini.

Na baada ya Kintinku ndipo pa kujiandaa kweli. Kutoka Bahi barabara imelala tambarare kati ya majaruba ya mpunga, unajisikia bingwa. Halafu unafika Saranda, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, na njia inaanza kukwea kwenda Manyoni huku malori yakinguruma kwa gia ndogo. Miguu ikigoma, kaa kushoto, shuka, sukuma. Hakuna aibu. Oktoba 1967 Mwalimu mwenyewe alikwenda kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuunga mkono Azimio la Arusha.

Chakula hakina siri: ugali wa uwele na mlenda jioni, karanga na ubuyu mfukoni.

Sasa tuje kwenye yale maji uliyobeba. Usithubutu kurudi nayo nyumbani. Msafara huu hupanda miti njiani, na huwahi kufika Butiama kwa ajili ya Oktoba 14, siku aliyofariki Mwalimu mwaka 1999. Kwa hiyo mche unaoachwa Dodoma unawekwa ardhini wakati mkavu kuliko wote, na mvua za kutegemewa hapa huanza Desemba. Hizo ni karibu miezi miwili ya kiu, mbuzi wakipita asubuhi na jioni. Picha ya uzinduzi hainyweshi mti. Tafuta shule yenye miche karibu nawe, kamwone mwalimu mkuu, muulize ipi inakufa, kisha fanya mazoezi yako kwa kuipelekea maji. Kila mche umwagie taratibu shinani, uzungushie matawi ya miiba kuwazuia mbuzi, wiki ijayo urudi. Kufikia siku ya safari utakuwa na mapaja ya kupanda Saranda na miti yenye majani mapya.

Ukiondoka, miche bado itataka maji. Wakati wa kuchangisha fedha za kuyanunua, usitaje kilomita peke yake. Taja bei ya dumu moja mtaani kwenu, zidisha kwa idadi ya miche na wiki zilizobaki mpaka Desemba, umwoneshe mchangiaji hesabu hiyo kwenye karatasi. Akikubali, andika jina na kiasi hapo hapo, na umfuate kabla hujaondoka, maana mvua ya kwanza ikishanyesha hakuna atakayekumbuka deni la maji.