Paina wa Mgololo Aomba Kazi ya Kitabu: Barua ya Wazi kwa Taasisi ya Elimu Tanzania

Mkurugenzi Mkuu,
Taasisi ya Elimu Tanzania (TET),
Mikocheni, Dar es Salaam.

YAH: MAOMBI YA KAZI YA KUWA KITABU CHA KIADA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwombaji ni paina, mkazi wa shamba la miti la Sao Hill, wilayani Mufindi, mkoani Iringa, upande wa Mgololo. Amenyooka, hana fundo kubwa, na hajawahi kuunguzwa na moto wa kiangazi. Kwa kuwa hajui kuandika, barua hii imeandikwa kwa niaba yake na jirani mwenye kalamu. Amesikia kwamba Taasisi imefungua maktaba mtandao, kwamba vitabu vya kiada sasa vinasomwa kwenye kioo, na kwamba nafasi za miti zinafungwa kabla yeye hajaitwa hata kwenye usaili. Anaomba faili lake lipitiwe.

Ukoo wake si wa kubabaisha. Miti ya majaribio ilipandwa Sao Hill mwaka 1939, na miaka ya 1970 shamba likatanuliwa kwa kasi kwa sababu taifa lilikuwa limeazimia kujitengenezea karatasi. Mwaka 1978 Benki ya Dunia iliidhinisha fedha za mradi wa kiwanda. Miaka ya 1980 Southern Paper Mills ikaanza kutoa moshi Mgololo, ikiwa imesanifiwa kuzalisha tani 60,000 kwa mwaka. Miti ilikuwa jirani, maji yalikuwa jirani, reli ya TAZARA ilikuwa jirani. Magogo yangeingia mlango huu, karatasi ingetoka mlango ule, na mtoto wa Mufindi angejifunza irabu juu ya mti wa kwao.

Kiwanda kilisuasua, miaka ya 1990 kikasimama, na miaka ya 2000 kikaingia mikononi mwa wawekezaji binafsi kwa jina la Mufindi Paper Mills. Leo kinajulikana zaidi kwa karatasi ngumu ya kahawia, ile ya mifuko na vifungashio. Kazi hiyo ni halali, na tangu Juni 1, 2019, serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, karatasi ya kahawia imepanda cheo sokoni. Lakini mwombaji ana ndugu walioondoka kijijini wakiwa na ndoto ya kubeba Hisabati Darasa la Nne, wakaishia kubeba saruji. Hawalalamiki. Wamekauka tu.

Kinachomsumbua mwombaji ni kwamba kazi hii imewahi kupewa wasio na sifa. Baada ya kampuni ya BAE Systems ya Uingereza kubanwa kuhusu rada iliyoiuzia Tanzania, ilikubali kurejesha pauni milioni 29.5, na fedha hizo, maarufu kama chenji ya rada, zikaelekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi. Yaani chombo cha kutazama ndege kilifika darasani kabla ya paina wa Sao Hill. Mwombaji anauliza kwa adabu kama kuna kashfa nyingine njiani, ili ajue bajeti ya vitabu vya mwaka ujao ikoje.

Anafahamu pia kwamba mwajiri amebadilika mara nyingi. Kulikuwa na zama ambazo serikali ilichapisha karibu kila kitu. Miaka ya 1990 mlango ukafunguliwa kwa wachapishaji binafsi, na shule zikaanza kuchagua vitabu miongoni mwa vile vilivyopata ithibati. Kamati ya ithibati, EMAC, ilikuwa na muhuri wake. Muhuri huo haukuwa na macho: mwaka 2013 mbunge James Mbatia alipeleka bungeni vitabu vyenye makosa ya kutia aibu vilivyokuwa vimeupata, na mwaka huohuo kamati ikavunjwa. Wala soko lenyewe halikuwa la malaika. Mwaka 2012 Oxford University Press ililipa karibu pauni milioni 1.9 nchini Uingereza kwa sababu ya mwenendo wa matawi yake ya Kenya na Tanzania katika zabuni za vitabu vya shule, na Benki ya Dunia ikayafungia matawi hayo kwa miaka mitatu.

Dawa iliyopatikana ilikuwa ya kijasiri. Kama wachapishaji wengi wanakosea, basi abaki mmoja. Taasisi ikakabidhiwa kuandika, kuhariri na kuchapisha vitabu vya kiada, kitabu kimoja kwa kila somo kwa nchi nzima. Mwaka 2017 wabunge wakawa wanaonyeshana tena makosa, safari hii katika vitabu vya Taasisi yenyewe, na waziri wa elimu wa wakati huo, Joyce Ndalichako, akawasimamisha kazi baadhi ya watendaji. Mwombaji anapongeza ufanisi huo. Zamani kosa la mchapishaji mmoja liliishia kwenye shule zilizonunua kitabu chake. Sasa kosa linafika Mgololo na Mikindani siku moja, bila ubaguzi wa kanda.

Hapo ndipo mshindani wake anapoingia, na haki lazima itendeke kwake. Kitabu cha mtandaoni hakikwami kwenye tope la njia ya Mafinga nyuma ya malori ya magogo. Shule zilipofungwa kwa corona Machi 2020, kila mzazi alielewa thamani ya kitabu kinachosafiri bila lori. Mtaala mpya ulipoanza kutumika Januari 2024, faili lingeweza kutangulia na karatasi ikafuata. Mwanafunzi asiyeona anaweza kusomewa na mashine. Zaidi ya yote, kosa la ukurasa wa 41 linaweza kurekebishwa leo usiku, na kesho asubuhi nchi nzima ikawa na ukurasa sahihi. Mti hauwezi hilo. Mti ukishachapwa kosa, hulibeba mpaka uozee kabatini.

Tatizo ni mazingira ya kazi. Mwanafunzi anaambiwa kitabu kipo kwenye simu, na sheria za shule zinamkataza kuwa na simu. Akikamatwa nayo bwenini inachukuliwa. Kuna shule ambazo huivunja kwa nyundo mstarini, wenzake wakitazama. Kwa hiyo kitabu cha kiada kimekuwa kosa la nidhamu. Mwalimu naye anafungua faili kwa bando lake mwenyewe, alilonunua kwa mshahara uleule unaolipia na chaki ikiisha, kisha anaandika ukurasa mzima ubaoni ili watoto wanakili kwenye daftari. Teknolojia ya karne hii imezunguka satelaiti na minara ikarudi kwenye chaki, na daftari linalonakiliwa ni la karatasi.

Kwa upande wa wadhamini, mwombaji anao wawili, wote wa ng'ambo kama desturi inavyotaka. Wa kwanza ni Sweden, nchi yenye misitu mingi na intaneti ya kutosha, ambako shule zilikuwa zimezama kwenye vishikwambi; mwaka 2023 serikali yake ilitenga kroni milioni 685 ili vitabu vya karatasi virudi madarasani. Wa pili ni Korea Kusini. Machi 2025 nchi hiyo ilianzisha vitabu vya kidijitali vinavyotumia akili mnemba, na kabla ya Septemba bunge lake likawa limeviondolea hadhi ya kiada na kuvishusha kuwa nyenzo za ziada. Ikiwa mataifa yenye umeme usiokatika yameanza kuutafuta mti, paina wa Mufindi anaona si ujeuri kuulizia nafasi.

Hata hivyo, hataki mshindani wake afukuzwe. Anachoomba ni masharti ya kazi yaliyo sawa kwa wote wawili, nayo ni matatu. Kwanza, faili la kila kitabu litolewe kwa namna ambayo mwalimu mmoja akilipakua mara moja mjini Mafinga, linaingia kwenye flashi, linakwenda shule kumi, na linaweza kuchapwa kwa rangi nyeusi stesheneri bila kuomba neno la siri kwa mtu. Pili, kila kitabu kiwe na orodha ya makosa iliyo wazi kwa umma: ukurasa gani, kosa gani, limerekebishwa tarehe ngapi. Aibu ya 2017 ingekuwa ndogo kama mwalimu wa Mufindi angekuwa na mahali pa kuripoti kosa kabla ya mbunge.

Sharti la tatu ndilo gumu, na mwombaji anajua linaweza kumkosesha kazi. Taasisi ndiyo inayotunga mtaala, inayoandika kitabu, inayokichapisha, inayokiweka mtandaoni, na vitabu vya ziada vya wachapishaji wengine hupita mezani pake kutathminiwa. Katika usaili huu mwajiri, msailiwa na msimamizi wa chumba ni mtu mmoja, na amejipa alama nzuri. Kuhamisha kitabu hichohicho kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye kioo hakuongezi msomaji wala mhariri. Kwa hiyo anaomba kitabu cha pili kiruhusiwe kwa kila somo, cha karatasi au cha mtandaoni, kiandikwe na mwingine, kitathminiwe na chombo kisichouza vitabu, na mwalimu achague.

Mwombaji yuko tayari kwa usaili wakati wowote, ila hana nauli ya kuja Mikocheni na mizizi yake ni mirefu. Anashauri wajumbe wapande TAZARA.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Paina, Sao Hill.

Nakala:
Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, Dodoma: kwa taarifa.
Mufindi Paper Mills, Mgololo: wamwekee nafasi, isiwe ya saruji.
Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS): wasimvune kabla majibu hayajafika.