Sifa za Mnara wa Jirani

Nilikuwa jikoni kwa shangazi, Kabanga, namenya ndizi, simu ikatetemeka mfukoni na kunikaribisha Burundi. Kwa Kifaransa. Sikuwa nimevuka mpaka, sikuwa na pasi, na tangu asubuhi kitu pekee nilichokuwa nimevuka ni kizingiti cha mlango wa uani. Nikafuta utomvu kwenye suruali, nikaitazama simu vizuri. Dakika chache zilizopita ilikuwa saa nne asubuhi. Sasa ilikuwa saa tatu na kidogo. Nilikuwa nimezawadiwa saa nzima na nchi ambayo sijawahi kuikanyaga, na salio langu la shilingi elfu mbili lilikuwa limekwenda kulipa shukrani.

Mtu yeyote wa wilaya ya Ngara anaujua mchezo huu. Ukiwa Kabanga unadakwa na mnara wa Burundi, ukiwa Rusumo unadakwa na wa Rwanda, na ukipanda kilima fulani katikati unagombewa na nchi tatu kama mtoto wa urithi. Watu wanaulaani mnara wa jirani. Wanauita mwizi, mchawi, mla bando. Mimi napiga picha kwa kujifurahisha, naishi Biharamulo na huja Ngara kila nikipata mwisho wa wiki ulio na nauli, na mnara huo umenitesa kuliko wengi. Kwa hiyo nadhani nina haki ya kuusifu.

Kwanza, ukarimu wake. Simu haisomi ramani. Inasikiliza tu nani anaongea kwa sauti kubwa, na mnara wetu ukijificha nyuma ya kilima, wa jirani unaitikia hodi. Hauulizi kitambulisho. Maofisa wa mpakani watakutaka hati, watakupima joto, watauliza umebeba nini. Mnara unakupokea ulivyo, hata ukiwa umelala. Na kwa kuwa Kihangaza na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, na Bugufi ilikuwa na mazoea na upande ule kabla Mjerumani, Mwingereza na Mbelgiji hawajaanza kugawana vilima, naona mnara unafanya tu walichokuwa wakifanya mababu: kutembeleana bila taarifa.

Pili, unafundisha kiasi. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kupunguziana gharama za romingi. Tanzania haikuwamo katika kundi hilo la mwanzo, na somo la kubana matumizi likabaki kwa wateja. Nani kati yenu ameshawahi kuzima data kwa hiari yake, akakaa na wazee mpaka usiku bila kuchungulia simu? Watu wa Ngara wanaweza. Wamefundishwa na salio.

Lakini kipaji chake kikubwa ni usanii, na hapa nina ushahidi.

Binti ya mjomba aliolewa Ngara mjini. Nilipiga picha kwa vyombo viwili: kamera yangu kuukuu, ambayo saa yake niliirekebisha kwa mkono, na simu, ambayo hujipangia saa kwa kusikiliza minara. Usiku nikazipandisha zote kwenye hifadhi ya mtandaoni, ile inayozipanga picha yenyewe kwa kufuata muda. Asubuhi familia nzima ikafungua kiungo. Kwa mujibu wa albamu ile, bi harusi alitoka kanisani saa nane na dakika ishirini, ameshika mkono wa mumewe, anacheka. Saa nane na nusu akaingia kanisani, ameshika mkono wa baba yake, analia. Mjomba aliitazama mara mbili, akaniuliza kwa upole, “Sasa mwanangu, mahari niirudishe?”

Kosa halikuwa la mtu. Exif, ule utaratibu wa kuandika maelezo ndani ya faili la picha, ulitungwa Japani mwaka 1995, na kwa miaka mingi uliandika saa bila kusema ni saa ya wapi. Nafasi ya kutaja ukanda wa saa iliongezwa mwaka 2016, na hifadhi niliyoitumia haikujishughulisha nayo. Waliobuni mambo haya hawakumfikiria mtu anayeweza kupoteza saa nzima akiwa amesimama palepale, ameshika sahani ya pilau.

Ndivyo nilivyoijua ExifTool, programu ya bure ambayo Phil Harvey wa Kanada aliitoa mwaka 2003. Haina sura, haina vitufe vya rangi, unaiandikia amri. Ukiandika -AllDates+=1, picha zote ulizoiteulia zinasogea mbele saa moja. Nilikaa na amri hiyo fupi jioni nzima kabla ya kuithubutu, maana nilikuwa naogopa kuharibu ndoa ya watu kwa mara ya pili. Nikabonyeza. Bi harusi akaingia, ndipo akatoka. Bila mnara wa jirani nisingejifunza programu hiyo mpaka nazeeka, na sasa ndugu wenye picha zilizovurugika wananiletea, wananiita fundi.

Halafu kuna habari ya basi. Nilitaka kurudi kwa gari la saa kumi na moja alfajiri, nikatega simu iniamshe saa kumi. Ikaniamsha saa kumi kweli, saa kumi ya upande wa pili. Nilipofika stendi nikakuta muuza chai na mbwa. “Gari?” nikauliza. “Kaka, hiyo saa hizi iko Benaco,” akasema, akanimiminia kikombe kabla sijaagiza. Nadhani wateja wake wengi wa alfajiri ni watu wa aina yangu. Nikakaa. Kulipoanza kupambazuka nikapanda juu kidogo na kamera, nikaona bonde la Ruvubu limejaa ukungu kama maziwa kwenye kibuyu, vilima vya Burundi vinaelea juu yake bila miguu. Ni picha bora niliyopata mwaka ule. Ningewahi basi, ningekuwa nimesinzia Nyakahura, kichwa kinagonga kioo.

Utasema najifariji. Lakini hebu tuulize swali ambalo wanaolalamika hawaliulizi: kati ya minara hii miwili, upi unasema kweli?

Saa ya Afrika Mashariki imepimwa kwa mstari wa digrii 45 mashariki. Mstari huo haugusi Tanzania mahali popote. Unapita Somalia na Madagaska. Saa ya Rwanda na Burundi imepimwa kwa mstari wa digrii 30, unaopita karibu kabisa na Kigali. Ngara iko kwenye digrii 30 na nusu na ushei. Dunia inazunguka digrii 15 kwa saa. Piga hesabu: jua la Ngara linachelewa karibu saa nzima nyuma ya saa yetu ya serikali, na linakaribia kulingana sawasawa na saa ya jirani. Dar es Salaam, kule saa inakopigiwa kengele redioni, jua linachelewa kama dakika ishirini tu. Sisi wa mwisho wa magharibi tunavaa saa iliyoshonewa mtu mwingine, mikono inaning’inia.

Na kwa msemaji wa Kiswahili jambo hili ni zito kuliko kwa mwingine yeyote. Saa zetu zinahesabiwa kutoka jua. Kumi na mbili asubuhi ni kucha, kumi na mbili jioni ni kuchwa, sita ni utosini. Hesabu hiyo ilizaliwa pwani na pwani inakaribia kukaa sawa. Ilete Ngara: saa kumi na mbili asubuhi ni giza, majogoo bado wanajishauri, na mwezi Februari jua linachungulia baada ya saa moja kamili. Neno letu wenyewe linatudanganya. Sasa ukidakwa na mnara wa Burundi, saa kumi na mbili inarudi kuwa alfajiri, saa sita inarudi kuwa utosini. Mnara unaosema Kifaransa ndio unaokisemea Kiswahili kweli. Sijui Baraza la Kiswahili litaupa tuzo lini.

Mpiga picha anaelewa faida yake mara moja. Vitabu vyote vya upigaji picha vinaonya: usimpige mtu saa sita mchana, jua litamchimbia mashimo ya macho. Kwa miaka nilitii. Saa sita naweka kamera kwenye mkoba, saa nane naitoa, najisifu kwamba nimelikwepa jua kali. Kumbe saa sita kivuli bado kinafaa, na saa nane mchana kwetu jua lina saa moja tu tangu lisimame utosini. Boma la Wajerumani la Biharamulo nimelipiga mara nyingi saa nane hiyohiyo, kuta nyeupe zimewaka mpaka hazina umbo, na nikalaumu lenzi. Biharamulo iko mbali mno na mpaka. Hatuna mnara wa jirani wa kutuongoza. Tunaishi na saa moja tu, maskini sisi. Siku hizi nimeweka alama kwenye tovuti ya SunCalc, inayochora njia ya jua juu ya ramani, lakini hiyo ni kama kusoma barua ya mtu ambaye Ngara anakuja mwenyewe mlangoni.

Najua hoja ya mwisho ya wapinzani: picha yenye saa ya uongo si ushahidi. Hapa nashusha sauti kidogo. Picha za Ngara zilizozunguka dunia kuliko zote ni za mwaka 1994, mwishoni mwa Aprili, wakimbizi kutoka Rwanda wanaokadiriwa kufika 250,000 walipovuka Rusumo kwa muda wa kama siku moja na Benaco ikageuka mji wa turubai na moshi. Sebastião Salgado alikuwa miongoni mwa waliozipiga, kwa filamu, na filamu ile haikuandika saa ndani yake. Sijawahi kusikia mtu akizitazama akauliza kama ilikuwa saa ya Kigali au ya Dodoma.

Mwishoni mwa Septemba nilirudi Kabanga kuhakikisha. Wakati huo wa mwaka jua linapita Ngara juu ya utosi kabisa, kwa hiyo kivuli cha kitu kilichosimama wima kinakaribia kutoweka. Nikasimamisha mpini wa jembe uani kwa shangazi, nikaanza kuweka punje ya mahindi kwenye ncha ya kivuli kila robo saa. Kuku wakafuata nyuma yangu, wakala data yote. Nikaanza upya kwa vizibo vya soda. Saa yangu ya mkononi, ambayo haisikilizi mnara wowote, ilipofika saa sita kamili, kivuli kilikuwa bado kimelala upande wa magharibi, kinanyooshea kidole Burundi. Kikaendelea kujivuta. Ilipobaki kama dakika kumi kufika saa saba hapakuwa na kivuli tena, ila duara jeusi kuzunguka mguu wa mpini.

Shangazi alitoka jikoni. Hana saa, simu yake ni ya tochi. Akatazama mgomba, akatazama chini miguuni, akasema, “Jua limesimama,” akaingia ndani kutafuta chumvi. Nikachungulia simu: saa sita kasoro dakika kumi. Nikaupiga mpini picha. Alipotoka tena nikamwomba naye nimpige, akakataa kupigwa na kanga ya jikoni. Akaenda kubadilisha kitenge, akafunga kilemba, akapaka mafuta usoni, akarudi akasimama pale kwenye vizibo. Robo saa, si zaidi. Lakini upepo, au kitu gani sijui, simu ilikuwa imesharudi nyumbani.

Jioni nikamwonyesha zote mbili, pamoja na saa zilizoandikwa chini. Ya mpini: saa sita kasoro dakika kumi. Yake: saa saba na dakika tano. Akahesabu kwa vidole, kimya, kisha akanirudishia simu.

“Saa nzima na robo kuvaa kitenge? Hata siku ya harusi yangu sikuchelewa hivyo. Futa.”